Fundi Anayefungua Tena

...na sasa amefungua tena, jamani, nati zote alizokwisha kuzikaza anazilegeza moja moja kama mtu asiye na kazi nyingine duniani, na kisa ni nini, kisa dereva kamuuliza kwa adabu zote, "Fundi, Ijumaa itakuwa tayari?", swali la kawaida kabisa, lakini huyu mzee hakujibu, aliitazama injini pale kwenye stendi yake ya chuma, akasema, "Nimepoteza hesabu," akarudi mwanzo, na kabla ya hapo alirudi mwanzo kwa sababu jirani alipiga hodi... hodi tu! na mbio za magari ni Jumamosi, na dereva kasimama hapa mguu huu mguu ule, hajaambiwa hata kaa, bora angempa kazi shemeji yake, ndiyo, mdogo wa mume wake, gereji ambayo ukiingia unacheka mpaka mbavu zinauma, na mama mkwe asingenuna, maana amenuna, "Mwanangu ana ubaya gani?", hana ubaya, mama, ni injini aliyoifunga tu iliyopasua gasketi mlimani, ikatema mafuta, moto ukashika, na mdogo wake dereva, msoma ramani wake, kanaswa na mkanda kwenye kiti cha pili, anaita Dada, Dada... bahati mbaya, alisema shemeji, siku hizi wanauza gasketi za ovyo, na dereva aliamini, anaamini, anajitahidi kuamini, na jana mdogo wake, huku anapaka mafuta ule mkono ulioungua, anasema, "Fundi chagua wewe, Dada, mimi nitakaa tu," nitakaa tu! si heri angegoma, si heri angepiga kelele, kuliko kumtupia mtu roho yake hivihivi... na simu hiyo inalia, nani tena, shemeji, haya.

"Shemeji yangu! Nasikia umenikimbia!" na kicheko chake kile, huwezi kumkasirikia, hata ukijaribu, "Rudi nyumbani bwana, injini hizo mimi nafunga hata usingizini," na dereva anacheka, kwa sauti, na kule kwenye stendi mzee ameacha kukaza, ameinua mikono, anasubiri, eti anasubiri simu iishe, maringo gani haya, "Shemeji, huyu mzee ananitia wazimu," anasema, "hajibu, hasikii," na shemeji anacheka tena, na nyuma ya kicheko, tak, spana ile inayolia nati ikifika kiasi, tak, halafu hadithi ya mteja aliyemwaga chai kwenye betri, tak, halafu kimya kidogo, "nilikuwa wapi vile... eeh, chai!", tak, na dereva anaacha kucheka, maana alikuwapo, alikaa kwenye tairi gerejini kwa shemeji anacheka hivihivi wakati injini ile iliyoshika moto inafungwa, yeye ndiye aliyekuwa anaongea naye.

"Shemeji," anasema polepole, "hapo unafunga injini ya nani?"

"Ya jamaa mmoja tu, anashindana Jumamosi, yeye na mkewe," tak, "endelea, nakusikia."

Mzee bado ameinua mikono.