Kila Mutu Alete ya Kwao

Kwenye bomba la maji la mtaa wa Bagira watu walikuwa na mchezo wao. Mmoja akimtania jirani kwa jina la mnyama, wengine huongeza, kila mtu kwa lugha ya kwao. Mwalimu alileta Kifaransa, wake wa askari Lingala, wazee Mashi. Firmin, fundi wa baiskeli, alishaitwa mbuzi kwa lugha nne, naye alicheka kuliko wote.

Oktoba ya 1996, vita vilipopanda kutoka Uvira, mchezo ulibaki na mnyama mmoja: nyoka. Waliitwa hivyo Wanyamulenge, watu wa milima ya Uvira walioshukiwa kuwaunga mkono waasi, na yeyote aliyefanana nao. Aliyekaa kimya bila kuongeza lake alitazamwa kwa shaka.

Emérence, karani wa parokia, aliacha kwenda bombani. Katika chumba chake cha nyuma alimficha Marie-Louise, muuguzi Mnyamulenge aliyemzalisha watoto wake wote. Kesho yake asubuhi Pascal, dereva wa parokia, angemvusha mto Ruzizi, hadi ng'ambo ya mpaka. Kilichobaki ni usiku mmoja wa kunyamaza.

Alasiri Firmin alikuja na vijana wawili waliosimamia kizuizi cha barabarani cha Kasha. Wakaketi kwenye benchi mbele ya nyumba. Emérence akawapa kasiksi, maana mgeni kunyimwa pombe ya ndizi ni jambo la kuulizwa.

"Maman Emérence, siku hizi hatukuone ku bomba."

"Magoti, Firmin. Ile mulima na bidon ya maji, weye utanibeba?"

"Nakubeba! Weye na bidon yako!"

Vijana wakacheka. Firmin akaweka kikombe chini.

"Basi tucheze hapa. Mimi nasema nyoka. Huyu petit anasema serpent. Weye, maman, leta ya kwenu."

Ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa wa mbao tupu; kila neno la benchini lilisikika ndani.

"Njoka," akasema Emérence.

Firmin akaendelea kungoja, akimtazama.

"Njoka! Na mimi nikikuta moja mu nyumba yangu, naimwangia maji ya moto!"

Wakapiga benchi kwa vicheko. Emérence naye alicheka, kisha akaingia ndani kuongeza pombe.

Marie-Louise alikuwa amesimama, viatu miguuni.

"Pascal anakuja kesho," Emérence alinong'ona.

"Maji ya moto," alisema Marie-Louise.

"Nilisema juu ya vile wako pale!"

"Najua. Lakini ulisema bila kukwama, dada. Ukacheka na wao." Sauti yake haikuwa na hasira. "Siwezi kulala hapa."

Emérence akamkamata mkono. Marie-Louise akajivuta, kitanda kikalia. Nje mazungumzo yakakatika.

"Maman?" aliita Firmin. "Uko na mutu?"

Walitazamana. Akimng'ang'ania wangesikika. Akimwachia, kulikuwa na migomba, halafu barabara, na jua lilikuwa bado juu.

Akamwachia.

Akabeba kibuyu, akatoka, akajibwaga kwenye benchi kati ya Firmin na mlango.

"Panya tu, Firmin! Weye unaogopa panya? Tena tumesahau Walega. Nyoka kwao wanaiita nani?"

"Nzoka," akasema kijana mmoja.

"Sema kwa nguvu! Na basoda wa jeshi, na Lingala yao?"

"Nyoka! Ni ileile!"

"Ni ileile!" alipaza Emérence, akipiga makofi, na chini ya makofi yake komeo la mlango wa nyuma likafunguka. Alicheka mpaka kifua kikamuuma. Upande wa chini wa nyumba, jani moja la mgomba lilitikisika, kisha la pili, na hapakuwa na upepo.

Firmin akaanza kugeuza kichwa.

Emérence akampiga bega, akamwinamia, akasema kwa sauti neno baya kuliko yote waliyosema siku hiyo, huku akimwomba Mungu Marie-Louise awe ameshafika mbali, asilisikie.