Vidonda vya Ukoo

Kila asubuhi Shukri alimkatia kakake hamri, akalijaza mbaazi, akalifunika kwa kisahani akimsubiri atoke kuoga. Aidarus naye alikuwa na mzaha wake wa kila siku.

"Hamri hili, dadangu, ukilipeleka bandarini Mbaraki litatosha kuwa nanga ya meli."

"Basi kale kwa mkeo, ukimpata."

Asubuhi ile alicheka, akauma kipande, kisha akainuka ghafla na kuinamia beseni. Alichotapika kilikuwa cheusi kama machicha ya kahawa. Shukri alisimama na birika mkononi. Rangi ile aliijua. Aliiosha katika beseni lilo hilo mwaka wa tisini na tatu, alipokuwa akimuuguza baba yao.

"Vidonda vya tumbo," mama akasema upesi.

Ndivyo walivyoambiwa majirani wa Kibokoni katika kila matanga: ya babu, ya shangazi, ya baba. Ugonjwa wenyewe ulisitiriwa, kwa kuwa nyumbani mlikuwa na msichana wa kuozwa. Hata Aidarus hakuambiwa.

Ndani ya teksi ya kwenda hospitali mama alimshika Shukri mkono, akamnong'oneza. "Kina Muhdhar waja Ijumaa kukuposa. Wakisikia, nani atakuchukua? Nyamaza, mwanangu."

Daktari Ogutu alimbonyeza Aidarus tumbo. Mkono wake ulisita mahali pamoja, ukaondoka, ukarudi palepale.

"Mama, nilikuuliza tangu Ramadhani, nakuuliza tena. Katika ukoo kuna aliyeugua saratani ya tumbo? Hatari yake huweza kurithiwa damuni. Ningejua, nisingempa vidonge vya vidonda miezi yote hii."

"Hakuna, daktari. Sisi ni vidonda tu."

"Ni mahamri ya huyu," Aidarus akasema, akimwonyesha dadake kwa kidevu.

Hakuna aliyecheka. Mifupa ya mabega yake ilitokeza chini ya shati, na Shukri aliona, kama alivyoona kwa baba, kwamba walikuwa wamekwisha kuchelewa. Tangu utotoni alikuwa na haya; chuoni, mbele ya mwalimu wa Kurani, alishindwa hata kuitika jina lake likiitwa. Sasa sauti ikatoka.

"Si vidonda, mama. Ni saratani. Ilimuua babu, ikamuua shangazi, ikamuua baba. Sasa imemshika kaka, na huenda nami ninayo damuni. Anayetaka kunioa, na anioe akijua."