Mashimo Kumi na Moja ya Futi Sita

"Hajazaliwa mtu wa kunifundisha mimi kuchimba shimo," alisema Futi Sita, amesimama juu ya rundo la vipande vya uzio kama jemadari aliyeteka ngome. "Miaka ishirini na sita nachimba. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kurudi kulalamika."

Mkewe hakuinua macho. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, miguu uani, akisoma karatasi ya maelekezo iliyokuja na mzigo.

"Wateja wako hawarudi kwa sababu zao," alisema. "Wangu mimi wanatembea, Mzee. Na wakianza kutembea hawaangalii mbele."

Futi Sita alikuwa mchimba makaburi wa mji. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita kwa kipimo cha kazi yake, naye aliitika bila kinyongo, ingawa yeye mwenyewe, hata akivaa viatu vya mvua, hakufika futi tano na nusu. Mkewe aliitwa Mwalimu. Alikuwa amefundisha watoto wa chekechea kwa miaka kumi na minne, mpaka mwenye shule alipofunga milango na kuhamia kwa wanawe. Sasa alitaka kufungua kituo chake mwenyewe, cha kulea watoto wadogo mchana, hapo hapo nyuma ya nyumba. Mikeka ilikuwepo. Vikombe vilikuwepo, kila kimoja na alama yake ya rangi ili mafua ya huyu yasihamie kwa yule. Kina mama tisa walikwisha kuandikisha watoto.

Kilichokosekana kilikuwa kitu kimoja. Mwisho wa uani palipita mfereji wa maji ya mvua, wenye kina cha kumfika mtu mzima kifuani. Mkaguzi wa vituo alisimama ukingoni mwa mfereji ule, akautazama kama anayetazama mkwe asiyempenda, kisha akaandika: bila uzio, hakuna kibali. Angerudi Jumatatu, saa tatu asubuhi. Akikuta pangali wazi, jina la Mwalimu lingerudi mkiani mwa foleni, na foleni yenyewe ilikuwa ya mwaka mzima. Kina mama wale tisa wasingengoja mwaka. Mtoto hasimamishwi asikue.

Mwalimu alichagua uzio wa plastiki, mweupe, usioliwa na mchwa na usio na vibanzi vya kuchoma vidole. Muuza duka alimwambia njia ni mbili: ama duka limtume fundi wake, ama mwenye mali ajisimamishie mwenyewe kwa kufuata karatasi. Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika vyama viwili, kila chama na mwanachama mmoja.

Mwalimu alikuwa chama cha fundi. Hoja yake ilikuwa fupi: Jumatatu haisogei. Futi Sita naye alishikilia kwamba kumwita mtu aje achimbe mashimo nyumbani kwa mchimbaji ni aibu ya kufa nayo, sawa na kinyozi kuonekana amekaa kwenye kiti cha mwenzake. Walibishana Jumanne wakati wa kula. Jumatano walibishana wakianua nguo, kila mmoja na ncha yake ya shuka. Alhamisi waliafikiana. Kesho yake Mwalimu alikuwa na mafunzo ya huduma ya kwanza kutwa nzima, na Futi Sita alikuwa na siku moja ya likizo. Mwalimu akirudi jioni akakuta nguzo zimesimama, habari ya fundi ife. Akikuta hazijasimama, fundi aitwe, na mtu asinune. Hilo la kununa liliongezwa na Mwalimu, anayemjua mumewe.

Ijumaa Futi Sita alianza kazi jogoo wa jirani akiwa bado anasafisha koo. Karatasi ya maelekezo aliikunja akaiweka chini ya birika la chai, kwa kuwa karatasi ni ya wasiojua. Alivuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta, akapiga alama kumi na moja, akatema mate viganjani na kushika sururu.

Kumwona akichimba ni kuona mtu akisoma kitabu alichokihifadhi. Sururu mara nne, chepe mara tisa. Kila alipofika pembeni aligeuza ubavu wa chepe na kunyoa ukuta wa shimo mpaka ukang'aa kama siagi iliyokatwa kwa kisu. Udongo wote aliurundika upande wa kushoto, kwa kuwa upande wa kulia huachwa kwa watu kusimama. Pembe zilikuwa pembe kweli. Chini alipafagia kwa mkono, hakubakiza hata kokoto. Alipomaliza moja alirudi nyuma hatua tatu, akalitazama kwa kichwa kilichoinama kidogo, kisha akaenda kwa linalofuata. Saa tisa alasiri yalikuwa yamekamilika yote kumi na moja, na alijisikia kama mtu aliyeandika barua nzuri.

Kisha akachukua nguzo ya kwanza, akaitumbukiza.

Nguzo ile ilisimama shimoni kama mwiko ndani ya beseni. Akaijazia udongo, akaukanyaga. Ikaegemea kulia. Akaisukuma, ikaegemea kushoto. Akaiachia ili aione kwa mbali, nayo ikalala taratibu, kwa heshima zote, kama mteja wake yeyote. Ndipo alipoinua birika. Karatasi ilisema shimo lisizidi upana wa sahani, na lijazwe zege. Futi Sita alitazama mifuko ya saruji, akatazama mashimo. Shimo moja tu la kwake lingemeza mifuko yote na kuuliza kama kuna nyingine.

Bado alikuwa amekaa juu ya rundo la vipande vya uzio, chai imepoa mkononi, Mwalimu aliporudi. Alitokea mlango wa jikoni na mkoba wake begani, bandeji ya mazoezi ingali imefungwa kwenye kifundo cha mkono. Futi Sita alimwona akihesabu kwa midomo, kama anavyohesabu watoto kabla ya kuvuka barabara.

"Mzee," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Hayo ni makaburi ya watoto."

Futi Sita akageuka kuyatazama. Kutwa nzima alikuwa ndani yake, hakuwahi kuyaona. Kumi na moja, yamejipanga, mafupi, yenye pembe safi na udongo upande wa kushoto. Katika kazi yake yote kulikuwa na mashimo ya aina moja tu aliyoyachimba bila kuongea, na ndiyo hayo. Mikono yake ilikuwa imeachwa peke yake siku nzima, ikafanya kile inachokijua. Na Jumatatu watoto wangeanza kuletwa hapa na mama zao.

Alitafuta mzaha. Kwa kawaida huwa nao mwingi, mzaha ni sehemu ya vifaa vya kazi yake, lakini safari hii alipekua mifuko yote akakosa.

"Kila ninachofanya nakifukia," alisema. "Umewahi kulifikiria hilo? Nikimaliza kazi vizuri, hakuna kinachoonekana. Nilitaka mara moja nifanye kitu, nikirudi kesho nikikute kimesimama."

Mwalimu aliketi karibu naye juu ya rundo. Plastiki ikalia chini yao. Alimpokea kikombe, akamwaga ile chai baridi kwenye shimo lililokuwa karibu, akamwambia kwamba fundi angekuja saa moja asubuhi, alikwisha kumpigia simu akiwa njiani kurudi.

"Kabla hujaona?"

"Nimekuoa miaka ishirini na miwili, Mzee."

Akataka kumkumbusha kwamba yeye ndiye aliyeoa, ila aliona jioni ile si ya kubishania sarufi ya ndoa.

Fundi alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye timazi ya kupimia wima shingoni, mahali ambapo wengine huvaa mkufu. Alifika uani Jumamosi, akaona mashimo, akavua kofia.

"Poleni," alisema. "Ni ajali?"

Mwalimu aliingia ndani haraka akicheka kwenye kanga. Futi Sita akabaki kueleza, na kwa kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuharibu. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, akapiga magoti ukingoni mwa shimo la tatu, akapitisha kiganja ukutani. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko adabu ilivyohitaji. Alimuuliza ametumia nini kupanyoosha vile. Chepe, Futi Sita alijibu. Chepe tu? Chepe na subira.

Kisha fundi akaeleza tatizo. Angeweza kuzifunga nguzo zege jembamba, kwa kuzisimamisha ndani ya ndoo za rangi zilizokatwa kitako, na saruji ingetosha. Lakini pembeni ya kila ndoo pangebaki udongo mwingi uliochimbuliwa, na udongo uliochimbuliwa hauna uaminifu. Mvua ya kwanza ungedidimia, nguzo zikaanza kusalimiana. Kazi zake nyingi zilizoharibika ziliharibikia hapo.

Futi Sita akainua kichwa. "Wangu haudidimii."

"Kila udongo hudidimia, kaka."

"Wangu ukididimia, mama fundi, wafiwa wanakuja mlangoni kwangu na maua yao mkononi. Wangu haudidimii."

Akamwonyesha. Tabaka la kwanza kiganja kimoja, halafu maji kidogo, ya kulowesha tu, udongo usiwe tope. Halafu gogo la kushindilia, kuanzia pembeni kwenda katikati. Watu wote huanza katikati, ndiyo maana pembeni hubaki matundu. Tabaka la pili lisiwekwe mpaka la kwanza lilie tofauti chini ya gogo: *pu, pu, pu*, kisha *ta*. Fundi alisikiliza ile *ta*. Akaomba gogo, akajaribu mwenyewe, akakosea mara mbili, mara ya tatu akaipata.

Basi walifanya kazi. Fundi alisimamisha, Futi Sita alishindilia. Fundi alikuwa mkali. Timazi ikicheza upana wa uzi wa kushonea aling'oa nguzo na kuanza upya, na mtu aliyezoea wateja wasioongea alipata taabu siku ile. Alisimulia hadithi za kazini, akaambiwa anyamaze. Alipendekeza nguzo ya saba isogezwe, akaambiwa ashike alichopewa. Mara moja tu walicheka pamoja, siku ya pili, Jumapili, walipokuwa wakichomeka vipande kwenye nguzo. Fundi aliacha nafasi kidogo kila mwisho, akaeleza kwamba plastiki hupanuka jua likiwaka, lazima iachiwe mahali pa kupumua.

"Wateja wangu mimi hawana usumbufu huo," alisema Futi Sita, na fundi alilazimika kushikilia nguzo ili asianguke.

Jioni ya Jumapili, fundi akiwa amekwenda zake, Futi Sita alibaki uani peke yake akijifanya anaokota vijiti. Aliokota vijiti mpaka vikaisha. Uzio ulisimama kutoka ukuta hadi ukuta, mweupe, na mfereji haukuonekana tena ila kusikika.

Jumatatu mkaguzi alifika saa tatu kasoro. Kina mama wawili walikuwa wamekwisha kufika na watoto wao, wakasimama karibu na mlango wakijifanya hawatazami. Mkaguzi alikagua choo, akahesabu vikombe. Kisha akautembelea uzio. Nguzo ya kwanza aliisukuma kwa mkono mmoja. Ya tano aliisukuma kwa bega. Ya tisa aliipiga teke, kwa ghafla, kama anayetaka kuishtukiza. Nguzo ikamtazama tu. Nyuma yake msichana mdogo, pengine wa miaka mitatu, alijinasua kwa mama yake, akaenda kuegemeza mgongo wake wote kwenye ule weupe, akachuchumaa hapo na kuanza kuvua kiatu.

Mkaguzi akatia alama. Akatia nyingine. Mwalimu alikuwa ameshika daftari la mahudhurio kifuani. Ilibaki mistari miwili: jina la aliyeujenga uzio, na chini yake sahihi.

"Hii kazi ni safi," alisema mkaguzi. "Nani aliyefanya?"

Mwalimu alifungua kinywa. Aliwahiwa.

"Ni mimi," alisema Futi Sita, na kwa sekunde hiyo alifika kweli futi sita. "Peke yangu, bwana mkaguzi. Tangu shimo la kwanza hadi kipande cha mwisho. Mkono wa mtu mwingine haujaugusa."

Mkaguzi aliinamisha kalamu, ncha ikagusa karatasi. Kisha akaiinua tena.

"Ajabu," alisema. "Jumamosi nilipita ile njia ya ng'ambo ya mfereji, natoka kwa shemeji yangu. Nilisimama kidogo nitazame. Palikuwa na mama mmoja, ana timazi shingoni, anakwambia: 'Kaka, funga mdomo, shika nguzo.' Nawe ukashika."

Kina mama mlangoni wakageukiana. Mwalimu alipandisha daftari polepole mpaka likamfunika uso, na daftari likaanza kutetemeka. Msichana aliyekuwa chini ya uzio alimaliza kuvua kiatu cha pili, akaviweka viwili pamoja, vizuri, kama mtu aliyefika kwake.

"Mstari ni mrefu," alisema mkaguzi, kalamu yake bado ikiwa hewani. "Yanaenea majina mawili."