Kitabu Kisicho na Jina la Mume Wangu

Mume wangu alikuwa mpima ardhi. Kwa miaka thelathini na miwili alipima viwanja vya watu, akapanda mawe ya mipaka, akatuliza majirani waliotaka kushikana mashati. Siku aliyostaafu alirudi nyumbani, akavua viatu, akanitangazia kwamba mipaka yote ile ilikuwa kosa. Nilimuuliza kama asingeweza kugundua hivyo mapema kidogo, kabla magoti hayajaisha.

Ndivyo ilivyozaliwa Usote. Fundisho lake ni jepesi: kazi ni yetu sote, zana ni zetu sote, na mawazo pia ni yetu sote, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuwaza peke yake. Alipanga chumba juu ya duka la fundi baiskeli, akaweka meza moja, mabenchi mawili na birika, akapata wafuasi kumi na mmoja. Mimi nilikuwa wa kwanza, maana ningemkwepea wapi. Kila Jumatatu tulibadilishana kazi: aliyekuwa mwenyekiti anafagia, aliyefagia anaongoza kikao. Na jambo halikupita mpaka mikono yote inyooke. Anayekataa ilibidi atoe sababu inayotoka kwenye fundisho lenyewe. "Sitaki tu" haikukubaliwa. Kanuni hiyo aliitunga yeye, tena aliipigia debe mwaka mzima.

Mwaka wa tisa akamaliza kitabu. Madaftari saba, yote kwa mkono, na sijawahi kumwona na furaha namna ile. Alikuwa akipiga miluzi bafuni. Kwa desturi yetu madaftari yalizunguka kwa kila mwanachama, na kila mmoja alirekebisha pale alipoona panapwaya. Kinyozi wetu alifuta ukurasa mzima akaandika wake. Mume wangu aliona, akameza. Alichokuwa akikingojea ni jalada. Alikuwa ameshachora nyuma ya kalenda ya zamani jinsi jina lake litakavyokaa, na alinionyesha mara tatu akitaka ushauri kuhusu ukubwa wa herufi.

Jumatatu ya kuamua jalada, zamu ya uenyekiti ilimwangukia mwenzetu mmoja karani, binti mpole anayesoma fundisho kama anangoja mtihani. Akasema, kwa heshima zote, kwamba akifuata daftari la tatu, lile la mawazo kuwa yetu sote, haoni kitabu hiki kitabebaje jina la mtu mmoja. Wenzake wakaitikia kwa vichwa, nyuso zimechangamka. Hawakuwa na hila yoyote. Walikuwa wameelewa, basi, na walitaka mwalimu wao aone walivyoelewa. Mikono ikaanza kunyooka, wa kinyozi, wa fundi baiskeli, mpaka ikafika kumi. Wangu ulikuwa bado mapajani. Nilimtazama mume wangu akitafuta sababu. Mtu aliyeweza kuhutubia saa mbili kuhusu ndoo ya kuchangia hakupata hata neno moja, kwa kuwa maneno yote alikwisha kuwapa wao. Nikaona nisimwache ateseke, nikanyoosha wangu. Wa kwake ulipanda mwisho, polepole, kama wa mtu anayekwenda kuchomwa sindano.

Wakapiga makofi. Nyumbani alininunia siku nne. Nilipomuuliza kulikoni, alijibu kwamba hana neno, anafurahia ushindi wa fundisho, na kwamba chai haina sukari. Ilikuwa na sukari. Iliniuma, nasema kweli. Miaka tisa ile hakutaka gari wala nyumba ya ghorofa, alitaka kuona jina lake mahali pale tu.

Kitabu kikatoka, jalada la kijani, neno moja tu juu yake: Usote. Alikiweka juu ya kabati na hakukifungua.

Miezi mitatu baadaye suruali yake ya kutokea ilichanika, nikamburuta mpaka kwa mafundi cherehani wa mtaa wa pili, ambako hatukuwahi kushona. Wanawake wanne, cherehani tatu, chumba kimoja. Nguo zilipita mkono kwa mkono: huyu anakata, huyu anashona, huyu anatia vifungo, na tukiwa pale pale wakainuka wakabadilishana viti. Mezani, chini ya mkasi, kulikuwa na kitabu cha kijani, kona zimekunjamana, kimejaa alama za chaki.

Mume wangu alikiona kabla yangu. Akakaa kwenye stuli bila kukaribishwa, akauliza kwa nini cherehani nzuri kuliko zote anaitumia binti ambaye mshono wake bado unapinda.

"Zana nzuri anapewa anayejifunza, baba," fundi mkubwa alimjibu. "Hodari hata kwa mbovu ataweza. Imeandikwa humu."

"Mimi nadhani imeandikwa anapewa hodari."

"Basi hujakisoma vizuri. Ukurasa wa arobaini." Akamfungulia, akamwekea kidole.

Ulikuwa ukurasa wa kinyozi. Mume wangu aliusoma mara mbili, midomo ikitembea. Kisha akauliza swali nililojua atauliza: nani alikiandika.

Fundi akakigeuza mbele na nyuma. "Hakina jina. Tumeshabishana sana hapa. Sisi tunaona ni watu waliokuwa wanafanya kazi chumba kimoja, kama sisi."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa tayari kumtaja, jina lake, la baba yake na la ukoo, mbele ya wanawake wote wanne. Akanikanyaga mguu, tena kwa kisigino.

"Ni kweli," alisema. "Lazima walikuwa wengi."

Barabarani alitembea kasi mpaka nikamwomba anisubiri. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, wala hakujisumbua kuyafuta. Alirudia kuniuliza kama nimewaona walivyobadilishana viti, bila mtu kuwaambia. Nilisikia raha kiasi kwamba niliusahau mguu wangu. Kwenye kona akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu tangu tuoane.

"Ule ukurasa wa kinyozi," alisema, "ni mzuri kuliko wangu. Usimwambie."