Kavata Alichagua Ukungu

Kisilu alirudi kutoka Doha mwezi wa Disemba, mkataba umeisha, akiwa na masanduku mawili na uso wa mtu aliyepanga maneno yake njia nzima. Baada ya chakula alimwita binti yake Kavata, msichana wa miaka kumi na minne, akaweka mezani mashine mbili ndogo za gemu na pakiti mbili.

Ilikuwa gemu moja ya kukamata mazimwi na kuyafuga, ila ilitolewa kwa sura mbili: Radi na Ukungu. Kavata aliijua. Mazimwi mengine hupatikana kwenye Radi tu, mengine kwenye Ukungu tu, na anayetaka kuyapata yote lazima awe na mtu wa kubadilishana naye.

"Chagua wewe kwanza," baba yake alisema.

"Na hii ingine ni ya nani?"

Kisilu alitupa jicho jikoni, ambako mke wake Ndeti alikuwa akiosha sufuria. "Ya dada yako. Anaitwa Katunge. Anakaa na mama yake huko Ikutha. Mmepishana miezi mitano tu."

Kavata alingoja kusikia sufuria ikianguka. Haikuanguka. Maji yaliendelea kumwagika kama kawaida, na hapo akaelewa kwamba mama yake alijua zamani, na kwamba katika nyumba ile mjinga alikuwa mmoja.

Hakulia. Aliuliza kwa adabu, "Yeye anapenda gani?"

Kisilu alifurahi hata akapiga simu papo hapo. Sauti nyembamba ikajibu kutoka Ikutha. Katunge angependa Ukungu, kwa sababu ya Hondo, ndege wa pembe mwenye mabawa ya moshi. Hondo hayuko kwa Radi, na hata kwa Ukungu ni mmoja tu, ukimpoteza, basi. "Lakini Kavata achague tu," sauti iliongeza. "Mimi yoyote ni sawa."

"Nachukua Ukungu," Kavata alisema.

Baba yake akasema si neno, watabadilishana.

Likizo ya Aprili Katunge alikuja Kathonzweni, nyumbani kwa kina Kavata, na chupa ya asali na begi la shule. Alikuwa na mwanya kama wa Kavata katikati ya meno, na hilo lilimuudhi Kavata kuliko yote. Ndeti alimpokea vizuri. Alimpakulia muthokoi, akamuuliza habari za mvua ya kwao, akamtolea blanketi jipya. Kila kijiko alichopewa mgeni, Kavata alikiona kimetolewa mdomoni mwake.

Siku ya tatu wazazi walienda kupalilia ndengu. Wasichana walibaki kwenye mkeka barazani, na Katunge akatoa mashine yake.

"Kuna kitu nimekufugia," alisema.

Alikuwa Kobe, zimwi la Radi, lenye gamba la mawe. Kobe hukua polepole sana. Wengi humchoka wakamwacha. Huyu alikuwa amefikia kilele cha nguvu zake.

"Nilimwanza Januari. Kila jioni nikimaliza homework, kidogo kidogo. Nilijua kwa Ukungu huwezi kumpata."

"Unanipea?"

"Ni wako. Na wewe, kama hutajali, unipee Hondo. Kama ulimshika."

Kavata alikuwa amemshika wiki ya pili tu, na hakuwahi kumtumia.

"Sawa," alisema. "Lakini mashine yangu inasumbua ikibadilisha wakubwa wawili pamoja. Nitumie Kobe, nikutumie zimwi dogo, panya. Halafu unirudishie panya, nikupe Hondo."

"Sawa, dada."

Lile neno lingeweza kumsimamisha. Lilimkaza tu.

Kobe alivuka, panya akavuka. Kisha Kavata akasema, "Njoo umwone kwanza." Katunge alisogea mpaka mabega yakagusana. Hondo alikunjua mabawa kwenye kioo, na msichana wa Ikutha akacheka chinichini. Kavata akabonyeza.

"Hapo umebonyeza wapi?"

"Mahali nilitaka. Soma inasema nini."

Katunge alisoma kwa sauti iliyozidi kupungua. "Ukimwachilia hatarudi tena. Una uhakika?" Mkono wake uliinuka, ukabaki hewani; hakuthubutu kugusa mashine ya mwenyewe. "Rudi nyuma. Bonyeza hapana. Tafadhali."

"Nina uhakika," Kavata alisema, akabonyeza ndiyo.

Ndege alipiga mabawa mara mbili, na kioo kikabaki na nyasi tupu.

Katunge alizitazama zile nyasi. "Ungeniambia tu hutaki."

"Ningekuambia, hungemwona akienda."

Kisilu alirudi na jembe begani, akawakuta kwenye mkeka mmoja, vichwa karibu. Alichoona kilimtosha. Alitoa simu. "Nionyesheni mlichopeana, niwapige picha."

Kavata aliinua Kobe. Katunge aliinua panya.

"Huyo ni mzuri sana," Kisilu alimwambia Katunge, maana hakujua gemu. "Umemwambia dada yako asante?"

Ndeti alikuwa amefika nyuma ya mumewe, akipangusa mikono. Katunge angeweza kusema yote wakati ule. Alimtazama baba yake, aliyekuwa akitabasamu nyuma ya simu.

"Asante, Kavata," alisema.

Aliondoka Ijumaa, likizo ikiwa bado nusu, akisema amemkumbuka mama yake. Kisilu alimsindikiza hadi stendi. Nyumbani Ndeti alikunja blanketi jipya, na Kavata akashika pembe zile nyingine.

"Huyo mtoto amekuwa akilia kila usiku," Ndeti alisema. "Ulimfanya nini?"

"Sikumfanya kitu."

"Nauliza tu. Sikusema ni vibaya."

Kavata alimtazama usoni, akitafuta hasira. Alikuta uso uliotulia, karibu wa kuridhika, na kwa mara ya kwanza tangu Disemba alitamani mama yake ampige.