Aliyelala kwenye Kibanja cha Kahangwa

Mwanamke ambaye hakuna aliyemjua kijijini Kishanda alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba ya Mzee Anatory Kahangwa, akajikung'uta vumbi jekundu kwenye sketi, akauliza kama hapo ndipo lilipo kaburi la Koplo Josia.

Evelyne alikuwa barazani akipanga picha za kampeni za baba yake mkubwa. Swali hilo alikuwa amelizoea. Tangu mchakato wa kura za maoni uanze, wajumbe wa chama walikuwa wakija makundi kwa makundi kuliona kaburi, wakirudi kwao wameinamisha vichwa. Akajibu kwa uchangamfu, "Ndipo hapa, mama. Karibu. Umetoka tawi gani?"

"Mimi si mjumbe. Naitwa Violeth, natoka Singida. Josia ni baba yangu."

Picha zikamteleza Evelyne mkononi. Mgeni akatoa simu yenye kioo kilichopasuka na kumwonyesha video: Mzee Kahangwa amesimama jukwaani na kofia yake ya zamani ya mgambo, akieleza alivyompakia rafiki yake aliyejeruhiwa kwenye lori la majeruhi mwaka wa vita vya Kagera, rafiki huyo alivyomfia mapajani lori likipita Muleba, na yeye alivyoomba ashushwe naye ili amzike kwenye kibanja cha baba yake. Video hiyo aliirekodi Evelyne mwenyewe. Yeye ndiye aliyeiweka kwenye makundi ya simu, na yeye ndiye aliyeandika chini yake: *Huyu ndiye mtu wa kumwamini.*

"Mama yangu bado yupo," Violeth alisema. "Macho yamekwisha, lakini masikio anayo. Alipomsikia mzee akitaja jina la baba na jina la kijiji chetu, aliomba video irudiwe mpaka chaji ikaisha. Amenituma udongo. Amesema nisimpelekee maneno ya watu, nimpelekee udongo wa pale baba alipoishia, ili siku akifa azikwe nao. Utanipeleka?"

"Nitakupeleka mwenyewe," Evelyne alisema, na machozi yalikuwa yanamlenga. "Mimi mwenyewe, hadi pale alipoishia."

"Nakushukuru, binti."

Ilikuwa ahadi ndogo, ya kuvuka ua na kupita kwenye migomba. Evelyne aliitoa kwa moyo wote, kwa sababu aliiamini hadithi ile kama alivyomwamini mwenye kuisimulia. Alikuwa amemaliza chuo mwaka juzi, hana kazi. Badala ya kukaa akiilaumu dunia alikuwa ameamua kumsaidia baba yake mkubwa kupata udiwani. Kata ilikuwa na zahanati yenye kuta tupu, isiyo na paa, na wajawazito walikuwa bado wakibebwa kwenye machela hadi barabara kuu. Mpinzani wao ndani ya chama, Muksini, alikuwa mfanyabiashara wa mjini aliyegawa jezi kila kijiji. Mzee Kahangwa hakuwa na jezi za kugawa. Alikuwa na kaburi, na kwa Wahaya hilo halikuwa jambo dogo. Kibanja, shamba la migomba la nyumbani, ni cha ukoo, na aliyelala humo ni wa ukoo. Mtu aliyempa askari wa mbali nafasi kando ya wazazi wake, watu walisema, hawezi kuwaibia maji ya bomba.

Jioni ile mgeni alipewa akamwani, zile buni kavu za kutafuna, kwenye kikapu kidogo, akatafuna moja akakunja uso. Kaijage, meneja wa kampeni, akacheka.

"Tafuna taratibu, mama. Hiyo ndiyo soda yetu."

"Soda yenu ina hasira," Violeth alisema, na wote wakacheka. Mzee Kahangwa tu ndiye ambaye hakucheka. Tangu aingie na kumkuta mgeni sebuleni alikuwa akimtazama usoni kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka vibaya.

Kaijage ndiye aliyepanga mambo. Kura zilikuwa kesho kutwa. Udongo utachotwa asubuhi hiyohiyo, mbele ya wajumbe wote, wakiwa njiani kwenda ukumbini. Kisha Violeth atasimama nao ukumbini, aseme maneno mawili tu ya shukrani.

"Mama, Muksini atafunga duka," Kaijage alisema. "Jezi zote zile atazivaa mwenyewe."

Mama mkubwa Benigna, mke wa mzee, aliyekuwa akimenya ndizi, aliweka kisu chini na kutoka nje.

Kesho yake asubuhi Evelyne alimkuta kibanjani, amepiga magoti kwenye kaburi lile, mwinuko mdogo uliopandwa mti wa mulamula pembeni kama alama. Alikuwa anang'oa magugu. Evelyne alikuwa amemwona akifanya hivyo tangu utotoni.

"Mgeni akichimba," Benigna aliuliza bila kugeuka, "atachimba kwenda chini kiasi gani?"

"Kidogo tu, mama mkubwa. Konzi moja ya juu."

"Konzi moja." Aling'oa gugu jingine. "Huyu wangu hakuzikwa chini sana. Alikuwa mdogo."

Evelyne hakuelewa. Benigna akamweleza kwa Kihaya, kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya kahawa, kwamba mimba yake ya kwanza ilizaa mtoto asiye na pumzi, na mtoto wa namna hiyo haliliwi wala hapewi jina. Mama mkwe alimfukia hapo kabla jua halijachomoza. Mulamula aliupanda yeye mwenyewe baadaye, ili asimpoteze.

"Na Josia?"

"Muulize baba yako mkubwa. Mimi nilisikia habari za Josia siku mliyonisikilizisha kwenye simu. Kisha wajumbe wakaanza kuja, na mmoja akauliza, mzee, ni lipi? Naye akanyoosha kidole hapa. Nilikuwa nimesimama palepale nyuma yake, na debe la maji."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini, Evelyne? Mtoto hana jina."

Mzee Kahangwa alikuwa nyuma ya nyumba, ananyoa ndevu mbele ya kioo kilichotundikwa mgombani. Alipomwona Evelyne usoni, aliteremsha wembe.

"Amekuambia."

"Baba mkubwa, mgeni anataka kumpelekea kipofu udongo wa kaburi la mtoto wenu."

"Nilipigana vita, Evelyne. Hilo si uongo."

"Basi ungesimulia hiyo uliyopigana."

"Nilisimulia uchaguzi uliopita. Nikasema ukweli wote, kwamba nilibeba masanduku ya risasi, nikaharisha njia nzima, nikalia. Wakacheka. Nikawa wa mwisho." Alijifuta povu shavuni. "Watu hawataki mtu aliyebeba masanduku. Wanataka maiti. Nilikuwa jukwaani, nikawaona wananipa visogo kwenda kupanga foleni ya jezi, na jina la Josia likanitoka mdomoni. Wakageuka. Wote. Ningefanya nini tena hapo?"

"Alifia wapi?"

"Sijui." Sauti ilikuwa imeshuka. "Mara ya mwisho nilimwona Kyaka, upande huu wa mto. Alikuwa amekaa juu ya kreti, anachambua mchele, anamtania mpishi kwamba mawe ndiyo nyama yetu. Akanituma maji. Niliporudi, kikosi chao kilikuwa kimeshavushwa. Nilimtafuta hadi vita vinaisha. Alikuwa rafiki yangu, hilo nalo si uongo."

"Mwambie hivyo Violeth."

"Baada ya kura. Nikipita, zahanati itapata paa. Nakuapia. Akipita Muksini itabaki ya mbuzi, na wewe unajua. Mwache mama wa watu achukue udongo, arudi kwao ametulia. Kuna anayeumia?"

Evelyne alimtazama mzee huyu aliyemlipia ada kwa kahawa yake mwenyewe, na jambo lililomuuma zaidi ni kwamba kuhusu zahanati alikuwa anasema kweli. Siku nzima alizunguka na swali lile. Akimwambia Violeth, kata inaangukia kwa Muksini. Asipomwambia, kule Singida mama atashika udongo usio wake mpaka kufa. Alitafuta njia ya tatu na hakuiona. Chuoni walikuwa wamefundishwa kwamba ipo daima.

Alfajiri ya siku ya kura alimkuta Violeth ameshaoga, ameketi kwenye benchi jikoni na kitenge kipya mapajani.

"Twende, binti?"

"Sitakupeleka kibanjani," Evelyne alisema. Akamweleza yote, la video na la mchele, akiwa amesimama, mikono ikimning'inia kama si yake.

Violeth hakulia. Alisikiliza hadi mwisho, akakikunja kitenge upya.

"Kwa hiyo baba hayupo hapa."

"Hayupo."

"Mlinichimbia kaburi kwenye simu." Hakusema kwa ukali. "Na aliyepo ni nani?"

"Ni wangu," Benigna alisema kutoka mlangoni. Violeth akasogea kwenye benchi kumpisha, na wanawake hao wawili wakakaa pamoja.

Evelyne akawasogelea. "Nilikuahidi nitakupeleka pale alipoishia. Nijuavyo mimi ni Kyaka. Tukiondoka sasa tutapata basi la kwanza."

Mzee Kahangwa alikuwa uani na suti yake ya kaki, imepigwa pasi vizuri. Nyuma yake, kwenye kona ya barabara, wajumbe wa kwanza walikuwa wameanza kutokea, wengine na kofia mkononi tayari. Alimwona Violeth na mfuko wake, na bodaboda iliyokuwa ikiwasubiri, akaelewa.

"Evelyne," alisema taratibu, ili wajumbe wasisikie. "Wewe ni wakala wangu. Ukipanda hiyo bodaboda leo, usirudi kwangu."

"Baba mkubwa, nisamehe."

"Nikusamehe mimi? Wale wa kwenye machela ndio uwaombe."

Evelyne alipanda. Violeth akakaa katikati yake na dereva, naye dereva, asiyejua lolote, akauliza kama wanawahi harusi.

Walifika stendi ya Bukoba jua likiwa juu, wakabadilisha gari. Walipokuwa wanasubiri lijae, Kaijage alipiga simu. Sauti ilikuwa imezama kwenye kelele za ukumbi.

"Wajumbe walimkosa mgeni pale kaburini, habari zikamfikia Muksini, akasimama akauliza kaburi limesafiri kwenda wapi. Ukumbi mzima ukacheka. Mzee alikuwa na dakika tatu, hakufungua mdomo." Akapaza sauti. "Umetumaliza, Evelyne. Sijui ulichopata."

Evelyne naye hakujua. Alitamani kumwambia Violeth habari hizo, apate hata mtu mmoja wa kumsikitikia, lakini aliona si haki kumtwisha mgeni mzigo mwingine. Akanunua maji, wakanywa chupa moja wawili.

Waliposhuka Kyaka, magari yalikuwa yakipita darajani bila kupunguza mwendo. Waliteremka kwa miguu kandokando ya barabara, wakaingia kwenye kinjia cha mbuzi, mpaka maji ya mto, mazito na ya kahawia, yakaonekana. Hapakuwa na kreti wala jiwe lenye jina. Palikuwa na majani makavu, maganda ya miwa, na mama mmoja anafua blanketi.

"Ni wapi hasa?" Violeth aliuliza.

"Alisema upande huu, kabla ya maji. Zaidi ya hapo hakuna ajuaye. Inawezekana si hapa tuliposimama."

"Nimwambie nini mama?"

"Sijui, mama Violeth. Mwambie alikuwa anachambua mchele. Alikuwa anamtania mpishi."

Violeth akatazama huku na huku kama mtu anayechagua mahali pa kukaa. Kisha akapiga magoti. Ardhi ilikuwa ngumu kwa jua la kiangazi, haikukubali vidole, ikabidi Evelyne naye apige magoti na kuibomoa kwa kisigino cha kiatu. Alipomaliza alikitandaza kitenge, akashika pembe mbili, Violeth akaanza kuweka udongo katikati.