Fundi Lifti na Vyungu vya Watu

Nyumbani walimwita Maoni, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Mpe biskuti, atakwambia za mwaka jana zilikuwa na adabu zaidi. Mpe kiti, atakwambia mguu mmoja una fitina. Lakini hayo yalikuwa ya kupitishia muda tu. Maoni yenyewe hasa, aliyolala nayo na kuamka nayo, yalihusu gemu za mashine ya sebuleni, zile ndefu za safari na mapigano, ambamo unakuwa mtu mwenye upanga na huzuni, unazunguka nchi nzima kutafuta kitu.

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Siku za kazi alitengeneza simu dukani kwa mjomba wake, na kila Jumamosi alirekodi sauti akaituma kwenye kundi la wapenzi wa gemu. Kundini walimsubiri kweli kweli, si kutia chumvi. Wengine hawakuwa hata na mashine. Walitaka tu kumsikia binti akigomba kwa ufundi.

"Hebu niambieni," alisema Jumamosi moja, "ni nani huyu anayemtangulia kila shujaa mlimani na kopo la rangi ya njano? Kila jiwe la kushika limepakwa. Tunaambiwa hakuna binadamu aliyekanyaga huko miaka elfu, lakini rangi haijakauka. Mimi simtaki shujaa. Nipeni gemu ya huyo mpaka rangi."

Jumamosi nyingine ikawa zamu ya nyufa za miamba. Siku hizi kila gemu lazima shujaa ajibanze kwenye ufa, apite ubavu ubavu kama anayemkwepa mwenye nyumba, na kila mtu anajua kwamba hapo mashine inavuta pumzi tu ipakie sehemu inayofuata. "Semeni tusubiri, tutasubiri," alisema Maoni. "Msimminye mtoto wa watu mbavu."

Ila kilichompandisha presha kuliko vyote ni mwenza wa safari mwenye kiherehere. Unaingia kwenye chumba cha fumbo, hujatua hata macho, na yule mzee anayekufuata nyuma anaropoka: nadhani ule mti wa chuma unasukumika. Nani kamuuliza? Kwa Maoni, huyo alikuwa mwizi. Alikuibia ile raha ya kujipiga kibao cha paji na kusema, kumbe.

Gemu pekee aliyoipenda mwaka ule ni Kengele Saba, ya msichana anayetafuta kengele zilizoibwa kijijini kwao. Alikuwa amefika mlango wa mwisho kabisa. Akausevu mchezo, yaani akauhifadhi, pale pale mlangoni, akauweka kiporo, akawaahidi watu wa kundi kwamba Jumamosi ataufungua na kuwapa hukumu yake ya mwaka. Wiki nzima alitembea akicheka peke yake.

Sasa, pedi ya kuchezea hakujifundisha. Aliyemfundisha ni dada yake mkubwa, ambaye siku hizi ni nesi wa wodi ya watoto. Walikua kwenye kochi moja na pedi mbili, na dada mtu alikuwa mchezaji wa ajabu. Safari haikumhusu, upanga haukumhusu. Yeye alivunja vyungu. Gemu yoyote, kijiji chochote, akiona chungu anakivunja, mpaka kile kilichojificha nyuma ya kisima. Maoni alipambana na majoka peke yake huku mwenzake yuko jikoni kwa watu anafanya uharibifu, na wote wawili walivunjika mbavu kwa kicheko. Halafu zikaja zamu za hospitali na miguu ya kuvimba. Pedi ya pili ikaingia droo ya vitambaa, na hapo ikabaki.

Siku tatu kabla ya Jumamosi ile, dada alikuja akakaa pembeni yake kitandani.

"Kuna mtu," alisema.

"Mtu gani?"

"Fundi wa lifti. Anatengeneza za pale hospitalini. Anataka kuja kwa baba rasmi, ila nataka wewe umwone kwanza. Jumamosi mchana."

"Mimi ndiyo nani?"

"Wewe una maoni juu ya kila kitu, mdogo wangu. Nipe na haya. Ukisema hapana, simpeleki kwa baba. Sikutanii."

Maoni akasema sawa, akageukia ukutani. Ilimuuma, msiseme haikumuuma. Dada akiolewa, basi. Hata ule uwezekano wa kuja siku moja kuitoa pedi kwenye droo unahama naye. Akapiga moyo konde na kukata shauri kabla hajamwona mtu mwenyewe: jibu ni hapana, kilichobaki ni kutafuta sababu.

Jumamosi mchana Fundi Lifti akafika, mrefu, shati limepigwa pasi mpaka linaogopwa. Mama akamkaribisha kwenye kochi pembeni ya dada, akarudi jikoni kuchemsha chai. Maoni hakupoteza muda na habari za nyumbani. Kwake, ukitaka kumjua mtu, mpe pedi.

"Shemeji mtarajiwa, unacheza?"

"Sijawahi, shemeji. Lakini niambie nibonyeze wapi."

Akamfungulia Kengele Saba upya, akamtengea nafasi ya chini kabisa ya kusevia ili asiguse kitu cha mtu. Mtihani ukaanza. Jamani, yule kaka alicheza vibaya mpaka ikawa burudani. Alimtembeza msichana wa kengele uso kwa ukuta. Aliangalia angani. Alimgonga bibi mmoja wa kijijini, na kwa sauti yake mwenyewe, pale kwenye kochi, akasema, "Samahani mama." Maoni akauma mdomo asicheke, maana adui hachekewi.

"Vunja hivyo vyungu," akamwelekeza. "Ndani mna sarafu."

"Vya nani?"

"Vya nani kivipi? Vya gemu."

"Si nyumba ya mtu hii? Mwenyewe yule pale kakaa." Akavikwepa vyungu vyote kwa uangalifu mkubwa, akatoka mlangoni kinyumenyume na kuangusha ngazi. Dada akajifunika uso kwa mto.

Wakafika mgodini, kwenye lifti ya mbao. Kwenye gemu, lifti ni ndugu yake ufa: unapanda, watu wanapiga soga, mashine inapakia. Maoni alikuwa na hotuba nzima juu yake. Kabla hajafungua mdomo, Fundi akainuka nusu kutoka kwenye kochi, macho yamemtoka.

"Asipande hiyo."

"Kwa nini?"

"Kamba moja, upande wa pili hakuna uzito wa kusawazisha, wala breki sizioni. Nani aliikagua hii?" Akakaa, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Na huyu mtoto mnamtuma kengele peke yake."

Hapo kicheko kilimshinda. Kilimtoka puani na machozi yakafuata. Miaka yote ya kugomba juu ya lifti, na hakuna mtu kundini aliyewahi kuuliza breki ziko wapi. Akajifuta, akajitia hamnazo, akajikumbusha kwamba jibu ni hapana. Ila sababu ilikuwa bado haijapatikana, na ilianza kumtia wasiwasi.

Mgodini kulikuwa na fumbo la vioo na mwanga. Maoni akaichukua pedi kumwonyesha. Kumbe wakati wa kucheza mwanzo lile fumbo alilipita kwa bahati, na sasa limemgomea. Akazungusha vioo kulia, kushoto, jasho likamtoka, na Fundi yupo pembeni amefumba mdomo. Mwishowe Maoni akaona kioo cha juu, akajipiga kibao cha paji. Kumbe.

"Ulikuwa hujakiona?" alimuuliza kwa kujishaua.

"Nilikiona tulipoingia," alisema Fundi. "Lakini ulikuwa unafurahi."

Maoni akaiweka pedi mezani haraka. Bahati nzuri mama aliita kutoka jikoni kwamba sukari imeisha, na Maoni akakimbilia dukani.

Foleni ilikuwa ndefu, muuzaji akaenda kutafuta chenji kwa jirani. Maoni aliporudi nyumbani, sebule ilikuwa kimya. Fundi na dada walikaa wima kwenye ncha mbili za kochi, kama watoto waliovunja kitu. Pedi ilikuwa mezani katikati yao.

Fundi akasimama. "Shemeji, nimeharibu. Ulipotoka nilianza tena mwanzo, halafu ikaniuliza nisevu wapi. Nikabonyeza ya juu. Ile ya juu ilikuwa yako."

Maoni akaiweka sukari chini polepole. Nafasi ya juu. Mlango wa mwisho, kengele sita, kiporo cha wiki nzima na ahadi ya kundi, vyote vimefutwa na mtu aliyeomba samahani kwa bibi wa kuchora. Damu ilimpanda. Na chini ya hasira, aibu iliyoje, akasikia kitu kama nderemo: sababu hiyo hapo. Imejileta yenyewe, na shati la pasi. Aseme hapana sasa hivi na hakuna atakayemlaumu, hata dada mwenyewe.

"Niione," alisema.

Akaifungua ile sevu. Msichana wa kengele alisimama mwanzo kabisa wa safari, katikati ya kijiji. Maoni akamzungusha taratibu. Kwa bibi, vyungu vyote chini vipande vipande. Kwa mhunzi, vipande. Jikoni kwa chifu, hakuna kilichopona. Akamtembeza mpaka kisimani, akapita nyuma, mahali ambapo mtu hendi kama hana mazoea. Hata pale, vigae vitupu.

Akamtazama Fundi, aliyekuwa anatazama zulia. Akamtazama dada yake, aliyekuwa anaikagua dari kana kwamba kaajiriwa kuipaka rangi. Na dole gumba la dada lilikuwa bado linabonyeza hewa.

Nafasi ya juu. Zamani ya juu ilikuwa ya dada, kwa kuwa ndiye mkubwa. Maoni aliirithi siku pedi ya pili ilipoingia droo. Mkono wa dada ulikuwa umekwenda wenyewe kule ulikozoea.

Kwa hiyo hakuwa ameacha kutamani. Kila siku alipita mbele ya lile kochi na viatu vyake vya wodini, anatamani, hasemi. Na huyu mrefu, ambaye hawezi kuvunja chungu cha mtu hata kwenye televisheni, amesimama hapa anabeba uharibifu wa kijiji kizima mgongoni mwake.

Maoni akachukua simu, akabonyeza kurekodi.

"Watu wangu," alisema, na dada akashtuka. "Leo mlingoja mwisho wa Kengele Saba. Hakuna. Sevu imekufa, poleni, mnitumie rambirambi. Badala yake nahukumu mgeni aliyeingia sokoni wiki hii, anaitwa Fundi Lifti. Michoro, si haba, shati limezidi. Mapigano, sifuri, hata ukuta umempiga. Usalama wa lifti, sijawahi kuona kama huu. Sasa mwenza wa safari, mnajua nilivyo na hilo. Huyu akiona jibu ananyamaza mpaka ulipate mwenyewe. Na mwenzake akivunja vyungu, anasimama mbele ya mwenye vyungu anasema ni yeye."

Dada akafunika mdomo kwa mikono miwili. Fundi akalitazama shati lake.

"Nampa nane kwa kumi," Maoni alimalizia. "Mbili nimezikata kwa sababu ananichukulia mchezaji wangu wa pili."

Akatuma hivyo hivyo, bila kusikiliza tena. Dada alimrukia shingoni, analia na kucheka, hakueleweka anaanza lipi. "Nilitaka dakika tano tu," alikuwa anasema nyweleni mwa mdogo wake. "Dakika tano, kabla sijaondoka."

"Umemaliza jikoni kwa chifu ndani ya dakika tano?"

"Chifu ana vyungu vingi, mdogo wangu."

Mama akatokea na trei, akawakuta wamekumbatiana na mgeni amesimama kama mlingoti. Akauliza ni msiba au sherehe. Akaambiwa kwamba baba atafute siku.

Maoni akaenda kwenye droo ya vitambaa, akatoa pedi ya pili, akaipuliza vumbi na kumpa dada yake. Ile ya kwanza akamwekea Fundi mkononi.

"Shemeji," Fundi aliuliza kwa unyenyekevu, "hizo mbili zinarudishwaje?"

"Mtakuja naye hapa kila Jumamosi. Na kwa kuanzia, vunja chungu. Kimoja tu."

Akamfungulia ile nafasi yake ya chini, akamrudisha kijijini, kule ambako vyungu vyote vilikuwa bado vizima. Fundi Lifti alikitazama cha karibu kwa muda mrefu. Akamgeuza msichana wa kengele amwelekee bibi wa kijijini, akasema, "Samahani mama, ni shemeji," akakivunja.